Majina Yanayosomwa Kanisani

Katika miaka ya 1980 kigango chetu kilisimama juu kidogo ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Nyanza-Lac, jirani na Rumonge. Kuta za matofali ya kuchoma, bati, sakafu ya udongo, mabenchi yasiyo na migongo. Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni. Padri alifika kwa nadra. Jumapili nyingi alituongoza katekista. Wavuvi waliokesha ziwani walipanda moja kwa moja kusali, wakinukia ndagala. Ibada ilikuwa ya Kirundi. Tukishatoka nje tulirudia Kiswahili, maana majirani wengi walikuwa Waislamu, na hata fundi aliyeezeka bati lile alikuwa mmoja wao.

Katekista alitufundisha kwa fahari kwamba Ukatoliki wa Burundi ulianzia kwetu. Mapadri Weupe wa Askofu Mkuu Lavigerie walifika Rumonge Julai 1879. Tarehe 4 Mei 1881, katika ugomvi uliozuka juu ya mtoto aliyelelewa na misheni, waliuawa Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao Mbelgiji, d'Hoop. Misheni ikaachwa. Dini ilipokuja tena ilishika njia ya bara: Muyaga mwaka 1898, Mugera mwaka 1899. Majina yale matatu tuliyakariri, nasi tukakua tukiamini kwamba mashahidi ni wazungu wa zamani.

Kulikuwa na majina mengine ambayo hakuna aliyeyatamka. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulilipuka upande wetu, Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wakauawa. Kisha serikali ikawaua Wahutu kwa makumi ya maelfu, nchi nzima. Wengi wakakimbilia Tanzania. Kila familia ilikuwa na mtu wake asiyerudi, na mtoto akiuliza aliambiwa anyamaze. Wakati wa Rais Bagaza, Kanisa lenyewe lilibanwa: wamisionari walifukuzwa, na mwaka 1986 madarasa ya parokia ya dini na kusoma, yaliyoitwa Yaga Mukama, yakafungwa. Tulijifunza kusali tukichunga maneno.

Vita vilivyoanza 1993 vikatuletea wafu wapya. Tarehe 30 Septemba 1995, kwenye parokia ya Buyengero, milimani juu yetu, waliuawa mapadri Waksaveri Ottorino Maule na Aldo Marchiol, pamoja na mlei Catina Gubert. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ya Buta, jimboni mwetu Bururi, vijana waliamriwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa, na 40 wakauawa. Tarehe 29 Desemba 2003 balozi wa Papa, Askofu Mkuu Michael Courtney, alipigwa risasi Minago, kwenye barabara yetu ile ile.

Baada ya vita wakimbizi walirejea, na kigango kikapanuliwa. Sasa kina sakafu ya saruji, viti vya plastiki na kipaza sauti. Lakini badiliko ninalolithamini zaidi ni la Novemba, siku ya kuwaombea marehemu. Watu husimama na kutaja wafu wao kwa sauti, wa 1972 na wa 1993, na mjane wa upande huu huitikia sala ya mjane wa upande ule. Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua Gitega mchakato wa kuwatangaza wenye heri vijana wa Buta, wale wa Buyengero, na Padri Michel Kayoya aliyeuawa 1972. Mhutu, Mtutsi na Mwitaliano wamewekwa katika shauri moja. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka katekista wetu, nikatamani angekuwa hai alisikie.

Ombi langu kwa maparoko wa mwambao ni moja: kila kigango kiwe na daftari la wafu wake, liandikwe sasa wazee wangali hai, bila kuuliza kabila, na jirani Mwislamu aliyeuawa siku zile naye aandikwe humo. Rumonge ilitangulia kupokea Injili nchini. Itangulie pia kuwahesabu watoto wake wote.