Mtoto Auzwaye Akilala Kwao



Neno tunalolitumia kwa uovu huu linatupoteza. Tunasema "usafirishaji haramu wa watoto", na mara moja akili ya msikilizaji huona basi la usiku, kivuko cha mpakani au ndege iendayo Uarabuni. Mzazi akimwona mwanawe amelala kitandani kila usiku, moyo wake hutulia. Lakini sheria ya Kenya ya mwaka 2010 dhidi ya biashara hiyo haikukomea kwenye safari. Inataja pia kumsajili mtu, kumhifadhi na kumpokea kwa nia ya kumtumia vibaya, na akiwa hajatimiza miaka 18, haiulizwi kama alilazimishwa, alidanganywa au aliridhia. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Basi mtoto aweza kuuzwa hali ya kuwa anakunywa chai yake ya asubuhi jikoni kwa mamake na kuvaa sare iliyopigwa pasi.

Nimesomesha shule za msingi za Pwani kwa miaka 19, na alasiri husomesha wasichana chuoni. Katika muda huo nimesikia mara nyingi kwamba balaa hili ni la wazungu wa ufuoni. Wapo, wala siwatetei. Lakini utafiti uliofanywa na UNICEF pamoja na serikali mwaka 2006, katika Malindi, Kilifi, Mombasa na Kwale, ulikadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000 waliokuwa wakitumiwa katika biashara ya ngono, na ukakuta kuwa kundi kubwa zaidi la wanunuzi, asilimia 38, lilikuwa la Wakenya wenyewe. Waitaliano na Wajerumani walifuata nyuma. Nadhani takwimu hiyo haikutajwa sana mitaani kwetu kwa sababu haikutupa mgeni wa kumlaumu.

Mwanafunzi ninayetaka kuwasimulia alikuwa na miaka 13. Nimebadilisha yote yanayoweza kumtambulisha. Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma Qur'ani, na hesabu alizipenda kuliko wenzake wote wa gredi ya saba. Katika muhula wa pili akaanza kulala juu ya dawati siku za Jumatatu. Haukuwa usingizi wa mtoto aliyekesha harusini, ambao huisha akinawa uso. Ukimgusa bega alishtuka, akaangalia mlango kwanza, kisha ndipo akuangalie wewe. Baadaye vikaja viatu vipya. Ikaja simu, kisha nikajua kuna ya pili aliyoificha ndani ya soksi. Chini ya vitabu vyake mlikuwa na gauni ambalo halikuwa la umri wake. Kengele ya kutoka ikilia, kijana mmoja wa bodaboda alikuwa akimngoja nje ya lango, wala sikuwahi kumwona akimtoza hata shilingi moja. Na pesa za chakula cha mchana, ambazo mamake, muuza mahamri na mbaazi, alizoea kuzileta kwa mafungu, zililipwa zote kwa M-Pesa kwa siku moja. Aliyelipa aliitwa "mfadhili".

Kila moja ya ishara hizo, ukiitazama peke yake, ina jibu jepesi. Watoto huchoka, na jamaa hutuma viatu kutoka Jeddah au Muscat. Ndiyo maana ishara moja haitoshi kumhukumu mtu. Lakini zikikusanyika kwa mtoto mmoja katika wiki chache, na kila unapouliza upewe jibu lile lile kwa maneno yale yale kama somo la kukariri, ni wajibu wetu kusimama na kuangalia.

Mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu aliniambia, "Huyo ashakua, mwache." Wengine walisema ameharibika. Neno hilo twalitumia kwa maziwa na kwa mtoto vilevile, ila kwa maziwa tunauliza nani aliyeyaacha wazi.

Zamani msichana wa Pwani alipovunja ungo alikuwa na somo wake, mwanamke mzima asiye mamake, aliyeweza kumweleza yale ambayo ulimi huona haya kuyasema mbele ya mzazi. Mila hiyo imefifia katika mitaa mingi. Na mahali pa somo hapakukaa patupu. Kwa mwanafunzi huyu palichukuliwa na msichana aliyemaliza shule yetu miaka miwili nyuma, aliyemwita "mdogo wangu", akamsuka nywele, akamsikiliza.

Sikumwita ofisini, kwa maana ofisini ndiko waendako wenye makosa. Nilimwomba anisaidie kupanga vitabu katika stoo, mlango ukiwa wazi. Nikamwambia naona amechoka, na kwamba hana kosa lolote kwangu. Siku ya kwanza hakusema neno, na ya pili pia. Siku ya tatu akauliza, "Mwalimu, nikikwambia utamwambia mtu?" Hapa ndipo wengi wetu, kwa huruma, huapa kuficha. Nilimjibu kwamba nitamwambia yule tu anayeweza kumlinda, na kwamba yeye atajua kabla yao. Akanyamaza muda mrefu, akikwangua jalada la kitabu kwa ukucha. Kisha akasema.

Yule "dada" alimpeleka kwenye sherehe katika nyumba ya kukodi yenye kuta ndefu. Huko akapewa simu kama zawadi. Wiki mbili baadaye akaambiwa haikuwa zawadi bali deni, na kwamba picha zilizopigwa usiku ule zingetumwa kwa mamake na kwa maalim wake wa chuo kama hatalilipa. Deni lile halikupungua hata alipotii. Alipolia, yule dada alimwambia kwamba na yeye alianza hivyo hivyo akiwa na miaka 14. Sijui ni sentensi gani katika habari hii inayoniumiza kuliko hiyo.

Sikumhoji zaidi, kwa sababu kuhoji ni kazi ya waliosomea, na mtoto anayesimulishwa mara kumi huchoka na maneno yake huyumba mahakamani. Niliandika aliyosema kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe na saa. Sikumtafuta kijana wa bodaboda kumgombeza, maana angewaonya wenzake. Simu sikuifuta kitu. Tume ya Kuajiri Walimu ilitoa waraka mwaka 2010 unaomtaka mwalimu aripoti dhuluma kama hii ndani ya saa 24, na anayenyamaza huwajibishwa. Mkuu wetu alisita, kwa kuwa mfadhili alikuwa ameahidi shule tangi la maji. Nikapiga 116, simu ya bure ya watoto, na jioni hiyo hiyo afisa wa watoto akafika pamoja na askari wa kike kutoka dawati la jinsia.

Kuhusu hospitali nataka niseme wazi, maana hapa ndipo akina mama tunapokosea kwa nia njema. Mtoto aliyeingiliwa asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo zake zisifuliwe, zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa ipitayo hupunguza nguvu yake. Fomu ya P3 hujazwa na daktari kwa ajili ya polisi, nayo haiuzwi. Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, ina kituo maalumu cha waliodhulumiwa kijinsia. Saa 72 zilikuwa hazijatimia kwa mwanafunzi wangu, alhamdulillah. Na kama anayeshukiwa ni mwalimu au mfanyakazi wa shule, usianzie shuleni. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 inamwekea mwenye kuvunja amana hiyo kifungo kisichopungua miaka 10.

Mamake alipoelezwa aliinua mkono ampige. Nikaushika. Akakaa chini sakafuni, akauliza kama pesa za chakula ndizo zilizomuuza mwanawe. Yule afisa wa watoto alimjibu kwamba aliyemuuza ni aliyemuuza.

Baada ya siku nne wakaja wazee watatu na bahasha. Walitaka maslaha. Walisema tumsitiri mtoto, jina la ukoo lisichafuke, na mmoja akadokeza kuwa mshukiwa yu tayari kumuoa. Sitara ni jambo tukufu katika dini yetu, na ndiyo sababu neno hilo lilitumiwa kama pazia. Nijuavyo mimi, mwenye haki ya kusitiriwa hapa ni mtoto, jina lake na uso wake. Aliyemuuza na aliyemnunua hawana sitara ya kudai, kwa kuwa wakifunikwa wao, mtoto wa pili yuko njiani. Sura an-Nur, aya ya 33, inakataza kuwalazimisha wasichana katika uzinzi kwa kutafuta starehe za dunia, na haikumwacha mwenye mali nje ya katazo hilo. Tena kesi ya jinai ni ya Jamhuri, haimaliziki barazani. Kumnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 kuna kifungo kisichopungua miaka 20. Imamu wa mtaa, aliyeombwa kukaa katika kikao kile, alikataa kwenda. Alituma ujumbe kwamba bahasha ile irudishwe mbele ya mashahidi. Ikarudishwa.

Wavulana nao tusiwasahau. Wapo wanaouzwa ufuoni na majumbani, na kwao kimya ni kizito zaidi, kwa kuwa mama humchunga binti arudipo magharibi na mwana wa kiume akaachwa aende apendako. Viatu vipya vya mvulana navyo vina bei.

Yule msichana aliyemaliza shule alikamatwa pamoja na wengine, na afisa wa watoto ameeleza mahakama kwamba na yeye aliuzwa akiwa mtoto. Sijui hakimu atalipima vipi. Kesi imeahirishwa mara nne. Mwanafunzi wangu yuko shule nyingine, anaonana na mshauri kila wiki, na hesabu bado anazipenda, ingawa hataki kukaa karibu na mlango. Siku za mahakama mamake hukaanga mahamri kama kawaida kabla ya alfajiri, kisha hufunga buibui na kuondoka. Majirani wawili, ambao mwanzoni walikuwa wakinong'ona, ndio humuuzia hadi arudi.