Redio ya Baba

Baba yangu alipopofuka, redio ndiyo iliyokuwa gazeti lake na baraza lake. Nilipomleta mjini akae kwangu, kituo cha kwao hakikusikika ila kwa intaneti. Kila alfajiri ikanibidi nimfungulie ukurasa wa kituo hicho katika kompyuta, uliojaa picha asizoweza kuziona, nami nikazilipia. Ukurasa ukikwama nikiwa kazini, mzee alikaa kimya hadi jioni. Wala hakunung'unika, hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili moja nikaweka VLC, programu ya bure iliyoanzishwa na wanafunzi nchini Ufaransa. Kituo kile kina faili ambalo jina lake huishia na m3u. Nililiogopa bure, kumbe ndani mna maandishi machache tu, nayo ni anwani ya matangazo. VLC ikilifungua, sauti huja peke yake. Kwa mkondo wa kilobiti 64 kwa sekunde, saa nzima hula megabaiti 29 hivi.

Kisha nikaliwekea faili hilo njia ya mkato ya kitufe cha F9, na juu ya kitufe nikabandika kipande cha plasta, kidole chake kipate kukitambua. Sauti ikikatika, hubonyeza tena.

Sauti huchelewa kidogo, maana programu huweka akiba kwanza. Baba huilaumu saa yangu ya ukutani kuwa inakimbia.

Jana nilirudi usiku. Akaniambia, "Mwanangu, kwetu mvua imenyesha. Hukusikia?"