Kazi Isiyoonekana Chini ya Injini

Watu wengi wakiisifu motokaa husifu rangi yake, viti vyake na mwendo wake. Ni wachache wanaokumbuka kazi inayofanyika chini kabisa ya injini, ndani ya giza na oili, mahali ambapo mwenye gari hapaoni mpaka siku ya kuharibika. Katika likizo ya mwezi wa Juni nilipata bahati ya kupaona mahali hapo kwa majuma manne, na nimeona si vibaya kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu.

Gari lenyewe ni Land Rover ya Babu yangu, ya aina ya Series IIA, iliyotengenezwa Uingereza tangu 1961 hata 1971. Injini yake ni ya petroli, ina silinda nne, na ujazo wake ni sentimita 2286 za ujazo. Babu alikuwa bwana shamba, na alipostaafu alilitumia kuchukulia mahindi yake karibu na Iringa. Kisha lilisimama miaka sita chini ya mparachichi. Kila alipopita mnunuzi wa vyuma chakavu alilipima kwa macho na kutaja bei. Mwishowe Baba alisema kwamba lisipowaka kabla ya shule kufunguliwa, litauzwa kwa kilo. Babu hakujibu neno. Siku ya pili alimwita fundi, mzee mwenziwe, nami nikawekwa niwe msaidizi wake.

Kabla ya kusimama gari lilikuwa na ugonjwa wake. Lilipopanda mlima na mzigo, mlio mzito ulitoka chini, kama mtu agongaye mlango wa ubao. Nayo taa ya kijani ya oili ilichelewa kuzimika. Fundi aliposikia hayo alisema, "Ugonjwa huu hauko kichwani, uko miguuni." Tukaitoa injini, tukaipindua, tukafungua sampo, yaani bakuli la oili.

Humo ndimo ifanyikamo kazi kubwa. Pistoni hupanda na kushuka. Konrodi, ambazo ndizo mikono yake, huuzungusha mhimili mzito uitwao krenkishafti. Mhimili huo hukaa katika beringi. Hizi si beringi za gololi, bali ni vipande vyembamba vya chuma vilivyopinda nusu duara, na upande wao wa ndani umetandazwa madini laini. Tulipofungua konrodi ya tatu tulistaajabu. Mtu aliyeitengeneza zamani alikuwa ametia kipande cha bati la kopo nyuma ya beringi ili kuondoa ulegevu. Beringi ilikuwa imechanika, na shingo ya mhimili imechimbika mifereji.

Nilimwuliza, "Babu Fundi, bati lina kosa gani, nalo limejaza nafasi?"

Akajibu, "Mjukuu wangu, nafasi ile haijazwi. Ile ni njia ya oili."

Akanieleza kwamba krenkishafti inapozunguka haitakiwi kuigusa beringi. Huelea juu ya utando wa oili inayosukumwa na pampu. Nafasi yenyewe ni kama sehemu tatu hata sita za mia za milimita moja, nyembamba kuliko unywele. Ikizidi, oili hukimbia. Ikipungua, oili haipiti. Kwa vyovyote chuma hugusa chuma, na injini hufa. Kisha akamgeukia Babu akasema, "Mzee mwenzangu, bati hili halikuwa dawa. Ni kumziba mgonjwa mdomo asilie."

Nyuma ya beringi za zamani palipigwa namba 020, maana yake mhimili ulikwisha kuchongwa mara moja kwa inchi 0.020. Beringi za injini hii huuzwa mpaka kipimo cha 0.040. Jeraha likiwa na kina zaidi ya hapo, mhimili haufai tena. Babu aliuza mtamba wake, tukaupeleka mhimili mjini kuchongwa. Katika 0.030 alama ilikuwa ingali inaonekana, kama mkwaruzo wa ukucha. Katika 0.040 ikasafika. Hapakuwa na nafasi nyingine tena.

Siku tatu nzima tulisafisha tu. Tulipitisha waya na mafuta ya taa katika kila tundu la oili, maana punje moja ya chuma kilichochongwa yatosha kuharibu beringi mpya. Kila kofia ya konrodi ilirudi mahali pake kwa namba yake. Fundi alilaza uzi laini wa plastiki juu ya kila shingo, akakaza kofia kwa spana yenye kipimo, akafungua tena, akapima jinsi uzi ulivyobanwa. Ndipo tukapaka oili, tukakaza, na baada ya kila kofia nikauzungusha mhimili kwa mkono kuona kama haukwami.

Shule ilipobakiza siku tano kufunguliwa, tuliirudisha injini garini. Tuliizungusha bila plagi mpaka taa ya kijani ikazimika, kisha tukatia plagi. Iliwaka mara ya tatu. Babu aliinama akatega sikio upande wa chini. Hapakuwa na mgongo wowote. Baba alisimama kidogo, kisha akasema, "Basi, litabaki." Fundi akaagiza liendeshwe polepole maili 500 za kwanza, ndipo oili ibadilishwe.

Wanafunzi wenzangu, wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Anayenakili hesabu za jirani yake ametia bati nyuma ya beringi. Mwalimu aweza asilione, lakini mlima uko mbele, na mzigo utapakiwa.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu