Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Washairi wa pwani wameutwika moyo mizigo mingi: huutuma, huulaumu, huusihi utulie. Mpenzi akibisha hodi, moyo hudunda kabla mguu haujanyanyuka. Lakini moyo una mwendo wake wenyewe. Ukiachwa peke yake hupiga kiasi cha mara 100 kwa dakika. Mishipa ya fahamu itokayo ubongoni ndiyo iushikayo hatamu, hata aliyepumzika akahesabiwa mapigo 70 hivi.

Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Daktari Christiaan Barnard alimpandikiza Louis Washkansky moyo wa Denise Darvall, msichana wa miaka 25 aliyegongwa na gari jana yake. Ruhusa aliitoa baba, ambaye katika ajali hiyo hiyo alifiwa na mkewe. Washkansky aliishi siku 18. Moyo ule haukumwangusha; nimonia ndiyo iliyomwondoa, kwani dawa alizopewa ili mwili usimkatae mgeni zilikuwa zimeidhoofisha kinga yake.

Moyo uliopandikizwa huungwa mishipa ya damu. Ile ya fahamu hubaki imekatika. Hivyo hukosa hatamu: mwenyewe amepumzika, nao hupiga mara 90 au zaidi. Akishtuka, moyo haupati habari papo hapo. Hungoja iletwe na damu. Na hofu ikishapita, bado wadunda.

Hata hivyo mgeni huyu huweza kukaa sana. Dirk van Zyl, aliyepandikizwa mwaka 1971, aliishi zaidi ya miaka 23. Tangu dawa ya saiklosporini ianze kuenea katika miaka ya 1980, umri wa waliopandikizwa umerefuka. Leo zaidi ya nusu ya watu wazima huvuka miaka 10. Madaktari wameona pia kuwa wale ambao mapigo yao ya mapumziko hubaki juu mno, kwa wastani, huishi muda mfupi zaidi. Huenda kasi hiyo ni dalili tu ya maradhi mengine, lakini ni dalili ya kusikilizwa.

Kwa baadhi yao, miaka ikipita, nyuzi za fahamu huota tena, polepole na kwa uchache, zikaufikia moyo. Ndipo habari za nyumba huanza kumfikia mgeni kwa wakati. Wala haikuwa lazima angoje hapo ndipo apendwe au apende: waliopandikizwa waliamka wakiwajua wake zao, waume zao na watoto wao, kwa moyo uliotoka kwa mtu wasiyemjua.