Bei ya Gari na Bei ya Mkopo

Ukitoka Morocco kuelekea Victoria, kandokando ya barabara jijini Dar es Salaam, utayaona magari yamepangwa safu kwa safu, yameoshwa yakameremeta. Mengi yalikwisha kutumika Japani kabla ya kuvuka bahari. Ingia uani, utalakiwa kwa bashasha. Lakini litafakari swali la muuzaji: mara nyingi hakuulizi una shilingi ngapi, bali unaweza kulipa ngapi kwa mwezi.

Kabla ya kukukubalia, mkopeshaji hupima mshahara wako, malipo yako ya awali na thamani ya gari. Ndiyo sababu hutaka barua ya mwajiri na taarifa ya benki, huagiza gari likatiwe bima kubwa, na huishikilia kadi yake mpaka deni liishe. Hayo yote humlinda yeye. Wewe utalindwa na hesabu.

Tuchukue mfano. Umekopa shilingi 12,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Ikiwa riba hutozwa juu ya deni la mwanzo, utalipa 240,000 kila mwezi, jumla 2,880,000. Hata mwezi wa mwisho, unapodaiwa milioni moja tu, bado unatozwa riba ya milioni kumi na mbili! Lakini riba ikitozwa juu ya salio, huku ukipunguza deni kwa milioni moja kila mwezi, jumla ni 1,560,000. Asilimia ni ile ile; tofauti ni shilingi 1,320,000, fedha za karo na chakula cha watoto.

Mfanyakazi akishindwa kulipa mwezi wa kumi, gari laweza kukamatwa, na jasho lake la miezi tisa likawa kama kodi ya kukodi.

Basi uliza: riba inatozwa juu ya nini? Jumla nitalipa kiasi gani? Nikichelewa, itakuwaje? Uliza pia leseni, kwani Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wawe nayo. Na ukihimizwa utie sahihi upesi kwa kuwa mteja mwingine yuko njiani, omba nakala ya mkataba, panda daladala, ukausome nyumbani pamoja na mwenzio.