Deni la Milton Keynes

Baraka, 6 Julai
Yaya amerudi kutoka Kigoma na flashi iliyojaa nyimbo. Katikati ya Remmy Ongala na kwaya za kambi ya Nyarugusu nimekuta albamu ya Waingereza: Foxtrot ya Genesis, ya mwaka 1972, iliyochanganywa sauti upya na kutolewa tena mwaka 2008. Wimbo wa mwisho unachukua dakika 23 hivi. Urefu haunishtui, nimekulia kwenye sebene. Kinachonishtua ni pale besi na ngoma zinapozunguka kwa hesabu ya tisa huku kinanda kikikimbia juu yake na njia yake. Mguu unatafuta pa kukanyaga, haupati. Nimeurudia mpaka batri ya pano ikazima.

8 Julai
Mwimbaji wa Foxtrot ni Peter Gabriel. Aliwaacha Genesis mwaka 1975. Mwaka 1982 yeye na wenzake walifanya tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, wakaalika wanamuziki wa mabara mengine, wakatoka na madeni ya kutisha. Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo Genesis walipanda naye jukwaani Milton Keynes ili deni lilipwe. Watu walisimama kwenye mvua kusikia nyimbo zao za zamani, na pesa zao zikaiokoa WOMAD.

Hapo ndipo sisi tunapoingia. Mwaka 1988 WOMAD ilimzungusha Remmy na bendi yake, Super Matimila, Ulaya, na mwaka 1989 ikatoka Songs for the Poor Man, kwenye lebo ya Gabriel mwenyewe, Real World. Mtoto wa Kindu, ng'ambo ya milima yetu, aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na bendi ya Makassy! Wale walioloa Milton Keynes hawakumjua, lakini nauli yake walichangia. Nawashukuru kwa dhati.

Fizi, 11 Julai
Nimepanda moto mpaka kwa baba mdogo. Tumeanza na "Muziki Asili Yake Wapi", solo na rithimu zikijibizana, kila gitaa linasikika peke yake. Kisha akataka wale Wazungu. Kwenye hesabu ya tisa akasimamisha simu, akarudisha nyuma, akaanza kugonga meza kwa vidole: nne, halafu tano.

"Ona, inakaa," akasema.

Ameagiza nimwekee zote mbili kwenye kadi yake, Remmy akitangulia.