Bibi wa Ruvu na Swali Alilolingoja

Ukitoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, ukapita Kibaha na Mlandizi, unafika bonde la mto Ruvu. Mto huu huanzia milima ya Uluguru na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Ndio unaoipa Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake. Kwa hiyo wewe mama unayeosha vyombo Magomeni, huenda maji yako yamepita kwanza kwa wazee wa huku.

Akina mama wa kanisa letu huwatembelea wazee wa bonde hili. Mmoja wao ni bibi aliyepita miaka 80. Jina lake nitalihifadhi. Miaka yake huihesabu kwa reli. "Niliolewa mwaka ule reli yetu ilipounganishwa na ya Tanga," husema. Huo ni mwaka 1963, Ruvu ilipokuwa njia panda ya treni. Siku hizi treni ya umeme, iliyoanza safari za Morogoro mwaka 2024, nayo inapita bondeni.

Ukimwamkia "Shikamoo bibi," huitika, "Marahaba mwanangu, umekula?" Kisha hukufundisha bila kujigamba: mpunga wa mbegu usiuweke pamoja na wa kula, maana njaa haina adabu, mkwe akinuna, mpe kazi ya kufanya pamoja nawe, mtazungumza wenyewe.

Jambo moja lilimnyima usingizi. Wanawe wa mjini waliamua kumhamisha. Nia yao ilikuwa njema, lakini hakuna aliyemwuliza. "Nilihamishwa miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji," alituambia. "Niliacha miembe na makaburi ya wazazi. Safari hii nitaacha nini tena?"

Aliyelimaliza jambo hilo ni mkaza mwanawe. Alikuja na kitenge na sukari, akaketi mkekani, akauliza: "Mama, wewe mwenyewe unataka nini?" Bibi alikuwa na jibu tayari: "Masika, maji yakijaa, nichukueni. Kiangazi niacheni na kuku wangu." Wakakubaliana. Mjukuu mmoja hulala kwake, naye jirani humsindikiza zahanati kupimwa shinikizo la damu.

Kama muuguzi, naliona hilo kuwa jambo la busara. Mzee akihamishwa ghafla, hasa aliyeanza kusahau, anaweza kuchanganyikiwa zaidi na hata kuanguka usiku akitafuta mlango. Lakini wapo wasioweza tena kukaa peke yao, na hao ni lazima wachukuliwe. Ukimpokea mzee, mwekee taa karibu na kitanda, ondoa mikeka inayoteleza, dawa zake ziandikiwe saa, naye apewe kazi ndogo anayoiweza, kama kuchambua mboga au kuchagua mchele.

Tunamsifu Ruthu kwa kumfuata Naomi. Tukumbuke kwamba Naomi alikuwa akirudi kwao Bethlehemu, na Ruthu ndiye aliyekubali kwenda ugenini.

Mama mpendwa, huenda mwaka huu nyumbani kwako kuna mazungumzo ya kumleta mama mkwe. Kabla ya kununua kitanda, panda gari uende kwake. Keti, mpe maji, umwulize anataka nini. Kisha nyamaza, umsikilize.